Bi Ngoja na Ufa wa Tanuri

Kiwandani walimwita Bi Ngoja, na mwanzoni jina hilo halikuwa la heshima. Kila alipoletewa tatizo, neno lake la kwanza lilikuwa "ngoja kwanza." Mashine imekwama: ngoja kwanza. Watu wawili wameshikana mashati kwenye foleni ya kunawa mikono: ngoja kwanza, nani alianza kushika? Fundi mabomba, jitu la miraba minne lililoitwa Chuma, alipenda kuwaambia wageni kwamba mama huyu akipandiwa na nyoka kiatuni atamwomba nyoka angoje, ijulikane kwanza ni wa aina gani. Watu wakicheka, naye Bi Ngoja alicheka nao. Kisha aliuliza swali lake lile lile, kwa sauti yake ile ile ya chini: "Haya. Tunajua nini, na tunadhani nini?"

Kiwanda kilitengeneza chupa. Za dawa, za soda, za mafuta ya kupikia, za rangi ya majani na zisizo na rangi. Bi Ngoja aliingia humo akiwa msichana, binti wa mshona viatu, akawekwa kwenye kiti mbele ya ubao wenye taa, chupa zikimpitia machoni mfululizo naye akizitoa zenye mapovu na nyufa. Kazi ya macho tu. Wengi waliichoka upesi. Yeye aliipenda, lakini kilichomfunga na kiwanda kile maisha yake yote hakikuwa chupa.

Siku zake za mwanzo, mzee aliyelinda tanuri alimchukua yeye na wageni wenzake kuwaonyesha mahali chupa zinapozaliwa. Akapewa kipande cha kioo cheusi cha kukinga macho, akasogezwa kwenye kidirisha, akachungulia. Alitarajia kuona moto, akaona ziwa. Ziwa zima, jeupe, rangi iliyo kati ya jua na maziwa, limetulia tuli, na juu yake ndimi za moto zikipita kama mashuka yanayokung'utwa. Kule mwisho mchanga ulikuwa ukiingia, mchanga kama mwingine wowote, ule wa kujengea, ule wa watoto kuchezea. Ukaelea kidogo, ukazama, ukawa si mchanga tena.

"Moto huu unazimwa saa ngapi?" aliuliza.

Mzee alikuwa amemshika mkono asije akasogea zaidi. Akacheka. "Hauzimwi, binti yangu. Ukizimwa, ziwa lote linaganda humo humo, na tanuri limekufa. Mimi nimeukuta unawaka, na Mungu akipenda nitauacha unawaka."

Jioni ile chakula hakikupita kooni. Mama yake alidhani anaumwa. Alikuwa amekaa tu, anaitazama bilauri ya maji mkononi mwake kama mtu aliyeona bilauri kwa mara ya kwanza.

Basi akaomba kuhamishiwa kwenye tanuri. Akakataliwa, akaomba tena, akakataliwa, mpaka wakubwa wakaona afadhali wampe kuliko kuendelea kumsikia. Akajifunza rangi za joto kwa macho kabla ya kujifunza kwa vipimo. Akasoma jioni, akafanya mitihani, akaolewa na fundi cherehani mpole mwenye dada mkali, na miaka ilipokwenda akawa msimamizi wa zamu: tanuri, mashine na watu wote wa zamu yake chini yake. Yule dada mkali alikuwa kiongozi wa mashine za chupa kiwandani hapo hapo. "Kaka yangu kaniletea wifi," alikuwa akilalamika mbele za watu, "na kazi imeniletea bosi. Kumbe ni mtu mmoja! Nimkimbilie nani?" Kwa hiyo mle kazini wote wawili walikuwa na ulimi, na wote wawili walikuwa na kazi ya kuonyesha.

Siku ya ufa ilianza kama siku nyingine yoyote. Watu walikuwa wamekunywa chai, wamerudi kwenye mashine, pale Chuma alipopanda ngazi kutoka chumba cha chini ya tanuri. Hakukimbia. Alitembea taratibu, mikono imening'inia, na ndipo Bi Ngoja alipojua kuna jambo, maana Chuma hata akienda kuchota maji hukimbia.

"Mama," alisema, "tanuri linatoka jasho."

Wakashuka. Tanuri lile lilikaa juu ya nguzo za chuma, kama nyumba iliyoinuliwa, na chini yake kulikuwa na chumba kirefu chenye joto, mabomba na nyaya. Kwenye ukuta wa upande mmoja wa tanuri, kati ya tofali na tofali, kulikuwa na uzi mwekundu. Mara ya kwanza ungedhani mtu kauchora. Kisha uzi ukanenepa, ukatoa tone, na tone likashuka polepole kama asali, likivuta mkia wa nuru nyuma yake, likatua sakafuni na kujilaza juu ya wenzake waliotangulia. Lilikuwa jambo zuri sana kulitazama. Bi Ngoja aliona haya moyoni kwa kuliona zuri, lakini lilikuwa zuri.

"Ngoja kwanza," alisema, kwa mazoea. Hakuna aliyecheka.

Aliyohitaji kuyafanya bila kufikiri, aliyafanya: asiye na kazi mle chini apande juu, umeme wa nyaya za chumba kile ukatwe, Injinia aitwe. Injinia alifika akihema, kofia imekaa upande. Alikuwa mtu makini asiyependa kubahatisha, na ndiyo maana walielewana.

"Tunajua nini?" Bi Ngoja alimwuliza.

"Tunajua ufa uko chini ya usawa wa kioo. Kioo chote kilicho juu yake kinausukuma. Na tofali linalopitisha kioo linaliwa. Ufa huu hautabaki hivi ulivyo."

"Na tunadhani nini?"

"Nadhani muda wetu ni mfupi. Mfupi kiasi gani sijui, na atakayekuambia anajua, anakudanganya."

Chuma alinyoosha kidole sakafuni. Sakafu ilikuwa na mteremko mdogo, na mteremko ule ulielekea ukuta wa mbali, ambako bomba la mafuta yanayolisha tanuri lilipita. Kijito cha kioo kilikuwa kimeshageuza uso wake upande huo.

Shauri la Injinia lilikuwa la wazi. Wafungue tundu la kumwagia, wamwage ziwa lote kwenye shimo lake, tanuri life. "Tanuri hujengwa upya," alisema. "Mtu hajengwi."

"Kweli. Lakini niambie, kumwaga kwenyewe ni salama?"

Akasita. "Watu watasimama karibu na kioo kingi kuliko hiki. Ila ni jambo tunalolijua. Tumelifanyia mazoezi."

Bi Ngoja akarudi kukitazama kile kirundo sakafuni. Katikati kiling'aa, lakini pembeni kilikuwa kimeshafifia, kikawa cheusi chenye kijani, kigumu, kimetulia. Kitu kile kile kilichokuwa kikitishia kuwachoma kilikuwa kikijifunga chenyewe mbele ya macho yao, mara tu kilipopata baridi kidogo.

"Injinia," alisema polepole, "kioo kikipoa kinaganda. Je, tukikipoza pale pale mlangoni pake? Kijizibe chenyewe?"

Injinia aliinama kuutazama ufa tena. "Inawezekana. Nimeshaona ikifanyika kiwanda kingine. Nimeshaona ikishindikana pia." Kisha akaanza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyopata nguvu. Maji yapige ufa peke yake. Yakitapakaa kwenye matofali ya moto, matofali yatapasuka, na ufa mmoja utakuwa kumi. Maji yasituame chini. Kioo kikiangukia dimbwi, mvuke utalipuka na kurusha moto kila upande. Na ziwa lishushwe kule juu, ili msukumo upungue. Mchanga usimamishwe kuingia, na mashine za chupa zivute kioo kwa kasi yake yote.

"Maana yake watu wa mashine wabaki," alisema Bi Ngoja.

"Maana yake wabaki."

Alimpigia simu meneja, aliyekuwa safarini. Simu haikupatikana. Akapiga tena, ikawa vile vile, akairudisha mfukoni. Mzigo ulikuwa umeangukia kichwani kwake, na hapakuwa na wa kumtua. Alifumba macho, akavuta pumzi moja ndefu ya ile hewa ya moto, akayafumbua.

"Chuma, una chaki?"

Alikuwa nayo, ya kuwekea alama mabomba. Bi Ngoja akainama na kuchora mstari mweupe sakafuni, kutoka nguzo hadi nguzo, mbali kabisa na bomba la mafuta.

"Nisikilizeni. Tutajaribu kukigandisha. Kioo kikigusa mstari huu, tunaacha kila kitu. Watu wanatoka, kisha nafunga mafuta kule nje. Tanuri linakufa, sisi tunakwenda nyumbani. Hapo hakuna mjadala. Aliye na neno aliseme sasa."

Chuma alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

Bi Ngoja akapanda kwa wifi yake. Ukumbi wa mashine ulikuwa na kelele zake za kila siku: mikasi ikikata matone ya kioo, matone yakidondokea kwenye kalibu, vile vyombo vya kuyapa umbo la chupa, kalibu zikifumbata na kufumbuka, na chupa nyekundu za moto zikitoka nje kwa foleni kama wanafunzi wapya. Wifi alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea.

"Kuna hatari?" aliuliza mwishoni.

"Ipo. Kule chini zaidi, hapa kidogo. Lakini ipo."

"Nikiwaambia watu wangu wachague?"

"Waambie kweli yote. Kisha wachague."

Wifi akapanda juu ya kreti la chupa, akawaambia. Hakuongeza wala hakupunguza. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga akavua glavu, akaziweka vizuri juu ya meza, akatoka, na hakuna aliyemtupia jicho baya. Wengine wakatazamana. Mmoja akavuta glavu zake zikakaa sawa vidoleni, wa pili akafanya hivyo, wa tatu. Bi Ngoja alisimama pale akiwatazama watu aliozoea kuwagombeza kwa kuchelewa. Hakujua walikuwa hivi. Alifanya nao kazi miaka yote hiyo na hakujua.

"Haya, nenda zako," wifi alimwambia, akimsukuma begani. "Kaka yangu hajui hata kuchemsha maji. Angalia usije ukaniachia mtu mzima wa kulea."

Mashine zikaongezwa kasi. Watu wa ghala wakashusha mchanga mkavu kwa toroli, mchanga ule ule uliokuwa uliwe na tanuri, wakajenga tuta mbele ya kijito na kutandaza mwingine chini ya ufa unywe kila tone la maji. Chuma hakuwa na mdomo wa bomba unaofaa. Akachukua bomba jembamba, akalaza ncha yake juu ya chuma na kuigonga kwa nyundo mpaka ikawa bapa kama mdomo wa bata, na maji yakatoka membamba kama jani. Injinia alisimama kando yake akimwelekeza: juu kidogo, kushoto, hapo, hapo hapo, usiyumbe.

Maji yakalia. Mvuke ukajaa. Ule wekundu ukafifia pembeni, ukawa wa damu ya mzee, ukawa wa kutu. Mtu mmoja nyuma akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ndogo, na Bi Ngoja alikuwa karibu kushukuru pale ufa ulipofumba juu na kufunguka chini. Kioo kikatoka kinene kuliko mwanzo, kikabubujika. Kikalijaza tuta la mchanga, kikalipanda, kikalishuka upande wa pili kwa utulivu wa kutisha, kama mfalme anayeshuka ngazi. Chuma akahamisha maji. Injinia akalowa jasho mpaka shati likabadilika rangi. Kijito kikazidi kuusogelea mstari wa chaki.

"Mama," Chuma alisema bila kugeuka, "tusogeze mstari. Nafasi bado ipo kubwa pale."

Akatazama. Ilikuwepo. Kutoka mstarini hadi kwenye bomba la mafuta, mtu angeweza kulala akanyoosha miguu. Na ufa ulikuwa unafifia, haukuwa? Moyo wake wote ulitaka kusogeza mstari. Alilifikiria lile ziwa alilolichungulia akiwa msichana, na akahisi kama anaombwa kumwacha mtu wa nyumbani kwake mle ndani.

"Hapana," alisema. "Mstari tuliuchora tukiwa na akili zetu. Sasa hivi hatunazo."

Kioo kikaugusa mstari. Chaki ikawaka nukta moja, ikapotea.

"Tokeni."

Chuma alirudi nyuma hatua moja. Akalifunga bomba lake la mdomo wa bata kwenye nguzo kwa waya, maji yakiendelea kupiga pale pale, Injinia akalisahihisha kwa kidole, wakapanda ngazi. King'ora kikalia. Bi Ngoja alipita ukumbi wa mashine akiwa wa mwisho, na alichokiona hapo hakuwahi kukisimulia vizuri. Watu walikuwa wametoka wote, wifi kawatanguliza kama kuku na vifaranga, lakini mashine hazikuambiwa. Matone yalikuwa yakidondoka, kalibu zikifumbata, chupa zikizaliwa na kuandamana zenyewe, moja baada ya nyingine, nyekundu, safi, hazina wa kuzipokea. Zilifika mwisho wa njia na kuanguka, na kila iliyoanguka ililia kwa sauti yake.

Uani wifi aliwahesabu watu wake na kuinua mkono: wametimia. Watu wa ghala wametimia. Bi Ngoja akaenda kwenye gurudumu la vali ya mafuta, akalishika kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha. Lilikuwa zito. Nusu ya njia hivi, akasikia sauti kutoka kwenye matundu ya hewa ya chumba cha chini, ambako Injinia alikuwa amejilaza kifudifudi akichungulia kwa nje.

"Ngoja!" Injinia alipiga kelele. "Ngoja kwanza!"

Mikono yake ikasimama. "Tunajua," alimwuliza, "au tunadhani?"

"Njoo uone."

Akapiga magoti kando yake. Mle ndani mvuke ulikuwa umepungua. Kijito kilikuwa kimelala, kimeupita mstari kidogo, kimepoteza nuru, kinafanya vinyufa vidogo na kutoa milio kama barafu kwenye bilauri. Na pale ukutani, palipokuwa na donda jekundu, palikuwa na kovu jeusi lenye kijani, linang'aa kama mgongo wa mbawakawa, na maji ya Chuma yakililowesha taratibu kama mvua kwenye jani la mgomba. Nyuma ya kovu lile kulikuwa na ziwa zima, na kovu lililizuia. Ziwa lilikuwa limejizuia lenyewe, kwa mwili wake lenyewe.

Watu walianza kujikusanya nyuma yao, mmoja mmoja. Walinyamaza jinsi watu wanavyonyamaza mtoto anapozaliwa na bado hajalia. Bi Ngoja akasimama, akaenda kwenye gurudumu, akalifungua tena, kidogo kidogo, Injinia akimwonyesha kwa mkono kiasi gani.

Meneja alipofika alasiri alitaka kujua nani alimhakikishia Bi Ngoja kuwa ufa utajiziba. "Hakuna," alijibu Bi Ngoja. Meneja akaomba aonyeshwe ufa, na aliporudi juu hakuuliza kitu kingine.

Nyumbani Bi Ngoja alimkuta mumewe amesimama mlangoni na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Dada yake alikuwa ameshampigia simu. Alimshika mikono.

"Uliogopa?"

"Sikuwa na nafasi," alisema. "Naogopa sasa." Akakaa chini palepale kizingitini, naye akakaa karibu yake, na hawakuingia ndani mpaka giza lilipotanda.

Tanuri liliendelea kuwaka, kovu likapewa bomba lake la maji la kudumu na watu wa kulichungulia kila zamu. Tanuri lilifika uzee wake kwa heshima. Siku ya kulipumzisha ilipangwa mapema, ziwa likamwagwa kama inavyotakiwa, na baada ya matofali kupoa mafundi wakaanza kuyang'oa. Injinia alimtuma mtu amwite Bi Ngoja. Chuma alikuwepo, na wifi, ambaye alikuwa karibu kustaafu na hakutaka kupitwa na jambo.

Kwa mara ya kwanza wakaona ukuta ule kwa ndani. Tofali lilikuwa limeliwa likabaki jembamba kama sahani. Na katikati yake, mahali ambapo hapakuwa na tofali kabisa, kulikuwa na ulimi wa kioo cha kijani, umejikunja ndani ya ufa kama mzizi kwenye mwamba. Unene wake haukuzidi kiganja. Siku zote zile, walipokula mchana, walipotaniana, walipogombana kuhusu likizo, kiganja hicho kimoja cha kioo ndicho kilichokuwa kati yao na ziwa.

Chuma alivua kofia. Wifi alisogea karibu kuutazama vizuri.

Bi Ngoja akanyoosha mkono, akauweka juu ya ule ulimi. Ulikuwa baridi, laini, na mwanga wa mchana ulipenya ndani yake ukavifanya vidole vyake vionekane vya kijani. Akauacha mkono pale kwa muda. Ng'ambo ya ukuta wa ukumbi tanuri jipya la kushika nafasi yake lilikuwa limeshawashwa, na mtu alikuwa akimwita kwa sauti kwamba watu wa zamu wameshafika.